Kukata na kutoboa kava la kishikwambi bila kulipunguzia ulinzi

Swali: Mtaalamu, nina kishikwambi cha inchi 10 ninachokitumia kazini kutwa nzima. Nimekiweka ndani ya kava la tabaka mbili, yaani ganda gumu ndani na raba nje, lenye mfuniko wa mbele unaokunjwa hadi nyuma. Nimepata waya mpya wa chaja ambao kichwa chake hakiingii mpaka mwisho kwa sababu tundu la kava ni dogo. Ningependa pia kutia mkanda wa kupitishia mkono nyuma, maana nakishika nikiwa nimesimama kwa muda mrefu. Nikiukunja mfuniko nyuma, kioo huzima chenyewe. Isitoshe, tangu majuma machache yaliyopita upande mmoja wa kava haubani vizuri, na nafikiria kuupiga tupa kidogo. Je, nikilikata na kulitoboa kava hili, litaendelea kukilinda kishikwambi changu?

Jibu: Ndugu msomaji, tundu la chaja linaweza kupanuliwa, mkanda unaweza kutiwa, na kioo kinachozima chenyewe kina dawa rahisi. Nitayaeleza yote matatu. Ila lile jambo ulilolitaja mwishoni, kana kwamba ni dogo kuliko mengine, ndilo ninalotaka tuanze nalo, na ninakuomba uiweke tupa kando mpaka tulimalize.

Kava gumu likishabana vizuri kwa miezi kadhaa, halina sababu ya kukataa upande mmoja siku moja tu likajiamulia. Huenda mchanga au vumbi limejikusanya kwenye mfereji ambamo vijino vya ganda hushikana. Huenda kijino kimoja kimepinda au kimekatika. Au huenda kishikwambi chenyewe kimenenepa, kwa maana kwamba betri yake imeanza kuvimba. Betri za lithiamu huzeeka kwa matumizi, na joto huharakisha uzee huo. Gesi hujikusanya ndani ya mfuko wake mwembamba, na mfuko ukishajaa husukuma kioo upande mmoja na mgongo upande wa pili. Mtu anayekitumia kishikwambi ndani ya kava haoni mgongo wake kwa miezi, kwa hiyo mara nyingi kava ndilo la kwanza kutoa habari.

Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Kitoe kishikwambi ndani ya kava, kilaze mezani pasipo na mwinuko, kioo kikiangalia juu, na ikiwa kamera ya nyuma imechomoza basi iache ining'inie nje ya ukingo wa meza ili isikudanganye. Gusa kona moja baada ya nyingine kwa kidole, taratibu. Kikitulia, mgongo umenyooka. Kikiyumba, au ukikisukuma kikazunguka kama pia juu ya tumbo lake, mgongo umevimba. Kisha kiinue usawa wa macho mbele ya taa na utazame mstari unaokutanisha kioo na fremu: mwanga ukipenya mahali ambapo zamani haukupenya, jibu ni lilelile. Hapo kizime, usikichaji tena, usijaribu kukikandamiza kirudi, na ukipeleke kwa fundi anayebadilisha betri. Ungepiga tupa vijino ili kava lifunge kwa nguvu, ungekuwa umeifunga betri iliyovimba ndani ya jiliwa, na betri ya lithiamu inayobanwa au kutobolewa huweza kushika moto.

Ikiwa kishikwambi kimenyooka, basi tatizo ni dogo. Tenganisha ganda na raba, uvipige mswaki mkavu kwenye mifereji yote, halafu uvioshe kwa maji na sabuni ya vyombo na kuviacha vikauke usiku mzima. Mara nyingi chembe ya mchanga isiyozidi ncha ya kalamu ndiyo iliyokuwa ikizuia. Ukiona kijino chenye mstari mweupe kwenye shina lake, plastiki hiyo imeshachoka na itakatika; kuipiga tupa kutaiharakisha tu.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako, yaani kama kava lililokatwa bado ni kava. Kishikwambi kikianguka kutoka urefu wa mita 1 hufika chini kikiwa na mwendo wa takriban mita 4.4 kwa sekunde, kiwe na kava au kisiwe nalo. Ambacho kava hubadilisha ni urefu wa safari ya mwisho, ile ambayo mwendo huo unaishia. Chukua kishikwambi cha gramu 500. Kikilazimika kusimama ndani ya milimita 1, nguvu ya wastani inayokipiga ni sawa na uzito wa kilo 500 uliowekwa juu ya kona moja. Kikipewa milimita 5 za raba inayobonyea, nguvu hiyo hushuka hadi kama kilo 100. Milimita nne za nyongeza ndizo ulizolinunulia kava. Ganda gumu lina kazi nyingine: huisambaza nguvu hiyo na kuizuia fremu isipinde, kwa kuwa kioo, ambacho hustahimili vizuri kubanwa, hupasuka upesi kinapopindwa.

Ukilielewa hilo, utajua mwenyewe pa kukata na pa kuacha. Vitu hivi huangukia kona mara nyingi, na ndiyo maana raba ya kava lako ni nene zaidi kwenye kona nne. Ukizipapasa kwa ndani huenda ukakuta vishimo vidogo vya hewa vilivyoachwa makusudi ili zibonyee. Ukingo ulioinuka kuzunguka kioo nao una kazi yake, kwa sababu huo ndio unaokizuia kioo kisiguse sakafu kikianguka kifudifudi. Kona na ukingo visiguswe. Katikati ya mgongo na katikati ya pande hakuna kazi kubwa ya kupokea kishindo, na kwa bahati nzuri tundu la chaja na mkanda wako vyote viko huko.

Kama kasha la kava lako lilikuwa na maandishi ya MIL-STD-810, jua maana yake kabla hujayasikitikia. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani, na jaribio lake la kuangusha linalotajwa zaidi ni la mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122, juu ya ubao uliolazwa kwenye zege. Ukishalikata kava lako, maandishi hayo hayalihusu tena. Lakini hata kabla ya hapo hayakuwa yakizungumzia jiwe tupu lenye ncha. Kama kava ni la aina isiyopitisha maji, lenye vizibo vya mpira na alama ya IP68, hapo nakushauri usilikate kabisa, maana mkato wa kwanza tu unaumaliza uwezo huo wote.

Tuanze na tundu la chaja. Nachukulia kwamba waya wako ni wa USB-C. Sehemu ya chuma ya kichwa chake ina upana wa kama milimita 8.3 na haibadiliki, lakini kishikio cha plastiki kinachoizunguka ndicho kinachogombana na kava. Viwango vya USB-C vinataka kishikio hicho kisizidi milimita 12.35 kwa upana na milimita 6.5 kwa unene, kwa hiyo tundu la milimita 13 kwa 7 hupokea kila kichwa kilichotengenezwa kwa kufuata utaratibu. Kuna nyaya zisizoufuata. Pima wako kwanza. Na usiendelee kuuchomeka nusu nusu kama unavyofanya sasa, kwani mguso hafifu huleta joto, na kichwa kinachoning'inia hulegeza tundu la kishikwambi chenyewe, ambalo ni ghali zaidi kuliko kava lolote.

Kabla ya kupanua, tazama kwa makini ni wapi hasa kichwa kinapokwama. Mara nyingi tundu la ndani linatosha, na kinachozuia ni unene wa ukuta wa nje. Ikiwa ndivyo, huna haja ya kupanua chochote: unapunguza ukuta kwa nje tu, kwa mshazari, kama mdomo wa tarumbeta, mpaka kishikio kipate mahali pa kukaa. Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu nyama inayoondolewa ni kidogo na ukingo wa mbele unabaki ulivyo.

Kama ni lazima kupanua, toa kishikwambi na ukiweke chumba kingine. Sisemi hivyo kwa utani. Zamani nililipiga tupa fremu la chuma la kishikilio kimoja, kishikwambi kikiwa pembeni kwenye meza ileile, na kwa majuma mawili kikawa kinakoroma kila nilipokifungulia sauti. Spika ina sumaku, na sumaku hiyo ilikuwa imeuvuta unga wa chuma kupitia matundu madogo. Tangu siku hiyo sikati chochote karibu na kifaa.

Raba ya nje, ambayo kwa kawaida ni ile plastiki laini iitwayo TPU, hukatwa kwa wembe mpya. Wembe butu huivuta raba kabla ya kuikata, na ukingo unatoka na meno. Chora mstari kwa kalamu ya wino wa fedha, kisha kwenye kila mwisho wa tundu unalolitaka toboa shimo la duara kwa kitoboleo cha ngozi, kile wanachotumia mafundi viatu kutobolea mikanda. Baada ya hapo unganisha mashimo kwa mkato mnyoofu. Usimalizie tundu kwa pembe kali. Kila unapoivuta raba kuivika, mvuto wote hukusanyika kwenye ncha ya pembe hiyo, na ufa huanzia hapo hapo na kukimbia. Shimo la duara huugawa mvuto huo. Acha angalau milimita 3 za raba kati ya tundu na ukingo wa kioo. Ukiona hazitapatikana, panulia upande wa mgongo.

Watu wengine huchoma tundu kwa chuma cha moto, nami najua kinachowavutia, kwani ni kazi ya dakika moja. Moshi wa TPU una sumu na haufai kuvutwa, na ukingo uliochomwa hugeuka mgumu kama ukoko kisha hupasuka baada ya muda. Wembe ni bora.

Ganda gumu la ndani huenda ni la polikaboneti, aina ya plastiki ngumu. Hilo usilikate kwa kisu. Lipanue kwa tupa ndogo ya duara, ukisukuma kuelekea upande mmoja tu, kisha ulilainishe kwa msasa namba 240 na baadaye 400. Ukitumia drili, iendeshe polepole, kwa maana mwendo wa kasi huiyeyusha plastiki, nayo huganda tena ikiwa imezunguka ncha ya drili. Usilipanguse kwa asetoni wala tina ya rangi, hata kama umeona watu wakiondolea gundi kwa njia hiyo: polikaboneti ikiguswa na viyeyushi hivyo hufifia na kutoka nyufa za uzi mmoja mmoja, wakati mwingine si siku hiyo bali juma linalofuata. Spiriti ya kusafishia, ile ya asilimia 70, inatosha kwa kufuta alama za kalamu.

Mkanda wa mkono ndio unaoharibu makava mengi, na chanzo ni kwamba mtu huwaza kwanza kuhusu gundi. Gundi ya papo hapo hukauka ikawa kama kioo, na raba inayopindika kila siku huibandua vipande vipande. Kama raba yako ni silikoni, ambayo huvuta vumbi na huhisi kavu kidoleni, hakuna gundi ya kawaida itakayoishika kabisa, wala gundi ya utepe. Msumari wa ribiti nao unashika vizuri, lakini kichwa chake hubaki ndani, na kichwa hicho ni kokoto ya chuma iliyokaa nyuma ya betri ikisubiri kishikwambi kikaliwe. Usitie ribiti, skrubu wala kitu chochote kigumu kilichochomoza kati ya kava na mgongo wa kishikwambi.

Kwa kava la tabaka mbili kama lako, tabaka hizo zenyewe ndizo jawabu. Toboa mianya miwili mirefu kwenye raba tu, katikati ya mgongo, kila mmoja ukiwa sambamba na upande mrefu wa kishikwambi, na upana wa kiganja chako ukiwa katikati yake. Miisho ya mianya iwe na mashimo ya duara kama tulivyofanya kwenye tundu la chaja. Chukua mkanda mwembamba unaonyumbulika, wenye upana wa sentimita 3 au 4 na unene usiozidi milimita 1.5, uupitishe kwenye mwanya mmoja, ulale kati ya raba na ganda, utokee mwanya wa pili. Unaposhika, mkanda huivuta raba, nayo raba hulibeba ganda zima kwa pamoja badala ya kuning'inia kwenye kiraka kidogo, na hakuna gundi ya kubanduka. Ganda nalo linakaa kama ngao kati ya mkanda na betri.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu hukosea mwishoni kabisa, kazi ikiwa nzuri. Ncha mbili za mkanda zinapolazwa moja juu ya nyingine na kushonwa, pale pa kushonea huwa na unene maradufu pamoja na fundo la uzi. Zungusha mkanda ili kiungo hicho kiwe nje, upande wa mkono, kamwe kisiwe ndani kati ya raba na ganda. Shona kwa uzi wa nailoni, mraba wenye msalaba katikati, na pima ulegevu ukiwa umeutia mkono mpaka kwenye vifundo vya vidole: mkanda unapaswa kubana mkono ukiwa umenyooka na kuachia unapokunja vidole.

Usiujaribu mkanda kwa kishikwambi chenyewe. Kata ubao au weka rundo la karatasi lenye ukubwa na uzito uleule, ulivike kava, na ulibebe hivyo siku mbili juu ya kitanda, ukilitikisa na kulipindua. Raba itakayopasuka kwenye mwanya itapasuka ndani ya siku hizo.

Kalamu, ukitaka mahali pake, shonea kitanzi cha mpira kwenye mfuniko, si kwenye mwili wa kava. Na kama utatamani siku moja kubandika bamba la chuma ili kava lishike kwenye kishikilio cha sumaku, kumbuka kwamba chuma huzuia mawimbi, na bamba likikaa juu ya antena utaona mtandao unadhoofika.

Kioo kinachozima chenyewe ni kazi ya sumaku. Ndani ya kishikwambi kuna kihisi kidogo kinachotambua uga wa sumaku, na ndani ya mfuniko kuna sumaku iliyowekwa mahali panapolingana nacho, ili ukifunika kioo kilale na ukifunua kiamke. Unapoukunja mfuniko hadi nyuma, sumaku ileile inaweza kukikaribia kihisi kwa mgongoni, na kishikwambi hudhani kimefunikwa. Tazama kwanza kwenye mipangilio kama kuna chaguo la kuzima huduma ya mfuniko. Ukilizima, umemaliza bila kushika wembe. Kama halipo, itafute sumaku kwa kupitisha pini ya karatasi juu ya mfuniko: itaruka na kushikilia mahali hapo. Fumua mshono wa karibu kwa sentimita 1, isukume sumaku itoke, kisha ushone tena. Utapoteza kule kujizima kwa mfuniko, na mfuniko wenyewe unaweza kulegea kidogo unapofungwa.

Sumaku utakayoitoa ni ndogo lakini ni kali kupita umbo lake. Iweke mbali na watoto, kwa maana sumaku mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hilo ni la kukimbiziwa hospitali mara moja. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asiisogeze karibu ya sentimita 15.

Kwa kuwa nimetaja joto hapo mwanzo, niongeze hili. Apple hutaja kwa iPad kiwango cha nyuzi joto 0 hadi 35 kuwa ndicho cha kuitumia. Kava nene ni blanketi, na chaja ya kasi ndiyo inayolipasha, kwa hiyo ukikichaji kishikwambi huku ukikifanyisha kazi nzito, kivue kava. Kutoboa matundu mgongoni ili kupunguza joto sikushauri. Upoaji unaopatikana ni mdogo, na matundu hukaribisha mchanga unaosugua mgongo kama msasa.

Baada ya yote hayo, kila majuma mawili au matatu litoe kava, ulipige mswaki, na uikunje raba kwenye miisho ya mianya na ya tundu la chaja ukiitazama mbele ya mwanga. Ufa mdogo ukianzia kwenye shimo la duara, toboa shimo jingine kwenye ncha ya ufa huo na utasimama hapo kwa muda. Ganda likitoka mstari mweupe kwenye kona baada ya kuanguka, hiyo si ya kurekebisha: plastiki hapo imeshavutwa kupita kiasi chake, na kava hilo libadilishwe kabla ya anguko lijalo.